Kufika kwa Mgongo

Kosa la kwanza la wapiga kasia wa shule yetu lilikuwa kulima. Wote wanne walitoka vilimani, Masisi na Kibumba, na mikono yao ilijua jembe kabla ya kujua ziwa. Waliinua kasia juu mno, wakalizamisha hadi mpini, wakalivuta kuelekea tumboni. Kasia linalozama hivyo halisukumi boti. Linachota maji na kumlowesha anayeshika usukani. Usukani niliushika mimi, kwa kuwa nilikuwa mwepesi.

"Weye wa Kibumba!" mwalimu wetu wa michezo alipiga kelele akiwa juu ya mawe meusi ya volkeno. "Uko unatafuta viazi huko chini?"

"Hapana, prof."

"Basi acha jembe. Vuta na miguu!"

Kosa la pili lilikuwa kugeuka. Boti ile ndefu, iliyoachwa na Wabelgiji, ilimtaka mpiga kasia atazame anakotoka na kuelekeza mgongo anakokwenda. Kwa vijana waliolelewa vizuri hilo lilikuwa gumu. Kwao mtu hamwendei mkubwa kwa mgongo. Kila tulipokaribia wamama waliokuwa wakifua ufukweni, vichwa viligeuka na makasia yakagongana.

Katikati ya miaka ya sabini mkuu wa shule, prefe, alitangaza baada ya kupandisha bendera kwamba tukishindwa tena na shule jirani, boti itafungiwa stoo. Jumamosi zetu, siku pekee ya kutoka bwenini, zingekuwa za salongo, kazi ya lazima ya pamoja, katika shamba la maharagwe la shule.

"Basitwayen," alisema, yaani wananchi, kama serikali ilivyotaka tuitwe, "ni ninyi mutachagua."

Tukafanya mazoezi kwa bidii. Kulima kulipungua, na nilianza kurudi bwenini nikiwa mkavu.

Siku ya mashindano tuliongoza. Mimi sikuiona boti ya jirani. Wenzangu waliiona vizuri, ikiwa nyuma yetu, wakachangamka. Mbele, ufukweni tulikopaswa kumalizia, niliona wageni kwenye viti, na kati yao muzee mwenye kofia na fimbo ya mchunga ng'ombe. Alikuwa baba wa mpiga kasia wetu hodari kuliko wote, ameteremka kutoka Masisi bila kuarifu mtu.

Muzee akasimama. "Mutoto yangu!"

Mwanawe aliitambua sauti. Aliachilia kasia, akageuka mwili mzima, akanyoosha mikono yote miwili, maana baba hasalimiwi kwa mkono mmoja.

"Yambo, papa!"

Kasia lake likanaswa na maji, boti ikakaa upande. Wale watatu nao wakageuka.

"Vuta! Vuta!" nilipiga kelele.

"Ngoja kwanza," akanijibu yule wa Kibumba. "Tuko tunasalimia muzee."

Jirani wakatupita, wakafika wa kwanza bila kumsalimu mtu.

Muzee alimpa prefe mkono. "Prefe, unalea batoto muzuri. Bale bengine bamefika na mugongo."

Prefe alimshukuru. Jumatatu boti ilifungiwa stoo.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa shambani. Wale wanne walijipanga kama walivyokaa botini, wakainua majembe juu, wakayazamisha, wakayavuta kuelekea tumboni, kwa pamoja, bila kugongana hata mara moja. Mwalimu wa michezo alisimama ukingoni mwa shamba akatazama kwa muda mrefu.

"Ni vile nilikuwa nataka ku ziwa," alisema, kisha akaenda zake.