Bei ya Mashine ya Mzee Baptista

Celestino Macuácua, fundi wa mashine za kahawa jijini Maputo, hakuwa mtu wa kuremba maneno. Akisema mashine ni nzima, nunua. Akisema skrepa, nenda zako. Ndiyo maana Mama Zulmira, aliyetaka kufungua mkahawa kule Matola, alimchukua akamkagulie mashine kuukuu. Hakumwambia ni ya nani. Walipokata kona ya mtaa anaoufahamu, Celestino akaanza kumwomba Mungu isiwe pale. Ilikuwa palepale, kwa Mzee Baptista, msimamizi wake wa ndoa.

Msimamizi kwao si mtu wa kupiga picha harusini kisha akapotea. Mwaka uliopita mkewe Celestino alipofungasha virago kurudi kwao Xai-Xai, mzee huyu ndiye aliyemfuata, akambembeleza, akamrudisha. Utamwambiaje mtu kama huyo, mbele ya mgeni, kwamba anauza balaa? Na balaa lenyewe Celestino alilijua vizuri. Tangi la mvuke lilikuwa na ufa, alishalichomelea mara mbili, na mara ya pili alimwonya mzee kwamba likipasuka tena litamuunguza mtu uso.

"Mwanangu!" Mzee alimkumbatia. "Hebu mwambie mama. Wewe ndiye daktari wa mashine hii."

"Enhe, fundi," Mama Zulmira aliuliza, "ni ya bei gani hii?"

Celestino akainama, akagonga hapa, akafungua pale, jasho likimtiririka. Ndipo akapata ujanja, ujanja wa mtu mwoga: ataje bei ya kutisha, mama akimbie mwenyewe, heshima ya mzee ibaki.

"Meticali laki mbili."

Mzee mwenyewe alipaliwa na mate. Mama Zulmira akacheka.

"Mimi nilijiandaa kwa laki moja. Lakini bahili wa sifa kama wewe akiisifu hivi, si nitakuwa mjinga kuiacha? Nitaomba zamu yangu ya upatu mapema."

"Mama, usiwe na haraka, nenda kwanza ukafikirie..."

"Nifikirie nini, na wewe umeshaiona?"

Mzee akamshika Celestino bega, machozi yakimlengalenga. "Nilijua sikukosea kukusimamia, mwanangu."

Mama Zulmira aliizunguka mashine, akiipapasa kwa furaha.

"Binti yangu ndiye atakayeiendesha. Bado mgeni wa kazi hii. Hana la kuogopa, au siyo?"

Mkono wa mzee ulikuwa bado begani.

"Hana," Celestino alisema.