Mpira Uliomeza Daraja

Kamati ya Mtihani wa Pamoja, inayosimamia majaribio ya kidato cha nne katika shule thelathini na moja kati ya Sigor na Siongiroi, imetangaza katika ripoti yake ya mwaka huu kwamba uwezo wa watahiniwa kusoma ramani umepanda kwa kiwango ambacho hakijapata kuonekana. Mwaka jana watahiniwa 1,318 waliulizwa wataje kitu kilichomo katika mraba fulani wa ramani, na hakuna hata mmoja aliyepata. Mwaka huu waliulizwa swali la aina hiyohiyo, na kati ya watahiniwa 1,297 walipata 1,240. Kamati haikuliacha jambo hilo bila maelezo. Ilitamka katika ukurasa wa tisa, kwa herufi nzito, kwamba mafanikio hayo yametokana moja kwa moja na Semina ya Siku Tano ya Mbinu za Kutazama, iliyoandaliwa na Kamati kwa ajili ya walimu wote wa jiografia.

Hilo ndilo tamko rasmi, na ni vyema liheshimiwe. Yanayofuata ni habari za mzee mmoja wa Bomet mjini ambaye hakutajwa katika ripoti hiyo, ingawa ndiye aliyeichapisha.

Mureithi wa Wambugu ana miaka sitini na mmoja, na duka la uchapishaji lenye mlango wa bluu nyuma ya soko. Baba yake alikuja kutoka Nyeri na mke, panga na barua ya kanisa, akanunua ekari tatu, akapanda chai. Mureithi amezaliwa hapa. Kikipsigis chake kinatosha kununua ng'ombe bila kupunjwa. Hata hivyo, kila baada ya miaka mitano, uchaguzi ukikaribia, huulizwa kwao ni wapi. Hujibu kwamba kwao ni pale penye mlango wa bluu. Miaka mingine jibu hilo limetosha.

Wanaomuuliza ndio haohao wanaomletea kadi za harusi, programu za mazishi, vitabu vya risiti na mabango ya mnada wa mbuzi. Mashine yake ni ya Kijerumani, ya rangi moja, na ilichapa vitabu vya nyimbo vya misheni kabla yeye hajaota ndevu. Mkewe, Jennifer, hukaa mbele na wateja. Yeye hukaa nyuma na mashine. Ndoa yao, husema Jennifer, imedumu kwa sababu ya ukuta huo.

Watu wengi hudhani kwamba mashine ya kuchapa hupiga maandishi kwenye karatasi kama muhuri wa chifu. Katika mashine ya ofseti, maandishi yamo kwenye bati jembamba, na bati hilo haliigusi karatasi hata siku moja. Bati huugusa mpira, na mpira ndio unaoigusa karatasi. Mpira wenyewe umefungwa kwenye silinda, unene wake hauzidi milimita mbili, na mafundi huuita blanketi, ingawa hakuna aliyewahi kulala nao. Kila mzunguko hupokea kila kitu, huachilia kila kitu, kisha hurudi mtupu kuanza upya. Ukilifikiria jambo hilo kwa dakika mbili hivi, maneno hukuishia. Ndoa za eneo hili la Chepalungu, marehemu wake, wagombea wake walioshinda na walioshindwa, wote wamepita juu ya kipande kimoja cha mpira kisichozidi kitambaa cha stuli, majina yao yakiwa yamegeuzwa kama kwenye kioo, na hakuna hata mmoja aliyebaki hapo.

Mnamo Mei, mwalimu Rodah Chepkirui aliingia mlango wa bluu akiwa na bahasha. Rodah hufundisha jiografia katika shule ya wasichana upande wa Siongiroi. Ana sauti ya chini, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Chamgei, mzee."

"Chamgei mising, Mwalimu. Ni harusi au ni msiba?"

"Natafuta daraja."

"Madaraja ni ya kaunti. Mimi nachapa makaratasi tu."

"Hili ulilichapa wewe," Rodah akasema. "Au hukulichapa. Hilo ndilo nataka kujua."

Alitoa karatasi mbili akazilaza mezani. Ya kwanza ilikuwa ramani halisi aliyoazima kwa Kamati. Katika pembe ya chini kulia mto ulipita, barabara ikaukata, na pale vilipokutana palikuwa na alama mbili ndogo za daraja. Ya pili ilikuwa karatasi ya mtihani ya mwanafunzi wake mmoja, Winny. Katika pembe ileile mto ulikuja vizuri kabisa, ukakatika, pakawa peupe kiasi cha ukucha wa gumba, kisha ukaendelea na safari zake kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Sasa sikia alichoandika," Rodah akasema. "Ameandika 'mto unaotoweka ardhini.' Na si yeye peke yake. Watoto mia sita na kumi na mmoja wameandika hivyohivyo. Mzee, hiyo mito ipo. Iko kwenye silabasi. Inapatikana kwenye nchi za mawe ya chokaa."

"Basi walijibu vizuri."

"Walipewa sifuri. Kamati iliandika kwamba ni ubunifu usiofaa. Wasahihishaji walikuwa na ramani halisi mbele yao, hakuna aliyefungua karatasi ya mtoto." Akakunja mikono. "Nimeandikiwa barua. Wakikosa tena mwezi wa saba, kidato cha nne anapewa mwalimu mwingine. Wale wasichana niko nao tangu kidato cha kwanza."

Mureithi alikwenda nyuma, akazima taa ya juu, akawasha tochi ya simu na kuilaza ubavuni mwa silinda, mwanga ukitambaa juu ya mpira. Kisha akaweka kiganja chake juu yake na kukitembeza polepole, kama anayepapasa tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Kiganja kikasimama.

"Njoo uweke kidole, Mwalimu."

Rodah aliweka kidole. Hakusikia kitu.

"Weka tena. Usibonyeze."

Mara ya tatu alisikia, au alidhani amesikia. Palikuwa na kibonyeo kisichozidi unene wa unywele. Hapo mpira haukuufikia wino, kwa hiyo hapo dunia haikuwapo.

Mureithi aliikumbuka siku yenyewe. Zilikuwa kadi za harusi. Kadi moja ilijikunja mara nne na kuingia mashineni hivyohivyo, mashine ikatoa sauti kama mtu aliyemeza mfupa. Aliitoa, akaufuta mpira, akaendelea. Kazi zake nyingi ni ndogo, hazifiki pembe ile. Mtihani ulifika. Aliukagua kama anavyokagua kila kitu, kila baada ya karatasi hamsini, akasoma kila neno na kila nambari.

"Nilisoma maneno," akasema. "Mto sikuusoma. Mto unasomwaje?"

Jennifer alikuwa amesimama mlangoni. "Kwa hivyo watoto elfu moja na zaidi waliitwa vipofu kwa sababu ya bwana harusi wa Longisa?"

"Kwa sababu yangu mimi," Mureithi akasema.

Siku hiyohiyo aliandika barua kwa Kamati. Ilikuwa na sentensi nne: "Daraja la mwaka jana lilikuwapo kwenye ramani yenu. Lilimezwa na mpira wangu. Watoto waliandika walichokiona. Nitabadilisha mpira." Kisha akampigia simu Onchiri, anayeuza vifaa vya uchapishaji Nairobi, akamwagiza sampuli tatu za mpira.

"Mzee, chukua yoyote tu," Onchiri akasema. "Zote ni raba."

"Na viatu vyote ni ngozi. Mbona huvai vya mkeo?"

Sampuli zilifika Jumanne. Jumatatu asingeweza kuzipokea, kwa sababu Jumatatu huchuma majani yake ya chai, na kwa jambo hilo hasikii la mtu. Ya kwanza ilikuwa bei poa. Ya pili ilikuwa ngumu, laini juu kama kioo, na Jennifer aliipenda mara moja. Ya tatu ilikuwa ya kawaida kuitazama, ila katikati ya vitambaa vyake ilikuwa na utando wa vipovu vya hewa. Mureithi alisema hiyo ina pumzi.

Alianza kwa kupima unene, kila moja mahali tisa. Kisha akakata kipande cha pembe kutoka kila sampuli, akavitia kwenye dawa anayooshea wino tangu asubuhi hadi saa kumi, akapima tena. Kipande cha ile ya bei poa kilikuwa kimevimba kama mandazi.

"Hiyo peleka nyumbani tufunikie unga," akamwambia Jennifer.

Zikabaki mbili. Alifunga ile ngumu, akachapa ramani ya mwaka jana. Mabati ya kazi za zamani huyaweka, hata ya wanasiasa walioshindwa. Mistari ya milima ilitoka myembamba, myeusi hasa, kila mmoja peke yake. Jennifer akasema kazi imekwisha, tunywe chai. Hapo Mureithi akachukua kadi, akaikunja mara nne, na kuisukuma mashineni kwa makusudi.

Mashine ikameza mfupa.

"Baba Kimotho," Jennifer akamwambia mumewe, polepole sana, "hiyo ni mpya."

"Bora niiumize mimi kuliko iumizwe na harusi."

Karatasi iliyofuata ilikuwa na doa jeupe. Ya kumi pia. Ya hamsini pia. Mpira ule mzuri ulikuwa umepigwa mara moja, na haukukusudia kusahau.

Akafunga ule wenye pumzi, akamtumia Rodah ujumbe aje. Alipofika, akaikunja kadi nyingine mara nne na kuisukuma. Karatasi ya kwanza ilitoka na doa. Ya pili ilikuwa na kivuli cha kijivu palipokuwa na doa. Mureithi aliacha mashine iendelee, akiokota karatasi moja moja na kuzilaza mezani kwa mstari. Katika ya nne, kingo za mto zilianza kusogea, kila upande ukiutafuta mwenzake. Katika ya sita zilikutana. Katika ya tisa, juu ya maji, zilitokea alama mbili ndogo, hafifu, kama nyayo za ndege kwenye umande. Katika ya kumi na mbili lilikuwa daraja, na ungeweza kupitisha ng'ombe juu yake.

Wapo watu waliopanda ndege kwenda kutazama maporomoko ya maji, wakarudi na picha. Hawa watatu walisimama nyuma ya soko la Bomet, kwenye harufu ya wino na parafini, wakitazama mto ukijiunga wenyewe kwenye karatasi ya mtihani, na hakuna aliyekumbuka kutoa simu.

"Ulipigwa," Rodah akasema baadaye, "na umerudi."

"Hewa," Mureithi akasema. "Ndani mna hewa. Ukipigwa unarudi nyuma, halafu unasimama pale ulipokuwa."

Jennifer alimtazama mumewe. Kisha akaenda kuchemsha chai.

Palibaki tatizo moja. Penye mlima mkali, mistari ilikuwa imenenepa ikagusana, mlima ukawa kama tope. Mureithi aliufungua mpira, akatoa karatasi moja tu kati ya zile zinazowekwa chini yake kuuinua, nyembamba kama ganda la kitunguu, akaukaza tena. Mistari ikaachana. Rodah aliihesabu kwa lenzi: ishirini na mitatu, kila mmoja na njia yake. Alishika ile karatasi iliyotolewa, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa karibu si kitu. Amefundisha milima kwa miaka kumi na sita, na hakujua kwamba mlima unaweza kusimama au kuanguka kwa kitu kama hicho.

"Na ile ngumu?" Jennifer akauliza. "Ilikuwa nzuri zaidi."

"Ilikuwa nzuri. Lakini hapa watu wanaoa kila Jumamosi."

Kamati ilijibu barua. Ilisema barua ya Mureithi imepokelewa na kuwekwa kwenye faili, kwamba ripoti ya mwaka jana ilikwisha kupitishwa na haiwezi kufunguliwa, na ikamwomba athibitishe kama yuko tayari kuchapa mtihani wa mwaka huu. Alithibitisha. Mtihani ulipofika alichapa ramani kwa siku mbili, na safari hii kila baada ya karatasi hamsini aliifuata mito yote kwa kidole, kutoka milimani hadi ukingoni mwa karatasi. Mtungaji, kama kawaida yake, alikuwa ameuliza kuhusu pembe ya chini kulia. Palikuwa na kivuko.

Rodah bado anafundisha kidato cha nne. Matokeo yalipotoka alipita dukani na lita moja ya mursik, maziwa ya mgando, kwenye chupa ya plastiki, akashukuru kwa kusema kongoi, akakataa kukaa. Ile karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu ameibandika ndani ya jalada la kitabu chake cha mipango ya masomo. Alama za Winny na wenzake mia sita na kumi hazikubadilishwa.

Ripoti ya mwaka huu ilichapwa kwa mpira uleule wenye pumzi, nakala mia mbili. Ukurasa wa tisa umetoka vizuri sana, kila herufi inasomeka.

Semina ya Mbinu za Kutazama ilipangiwa Aprili, ikaahirishwa hadi Agosti, na sasa inatarajiwa kufanyika Desemba.