Mjane Asiyejulikana Olmotonyi

Asubuhi, kabla majirani hawajafungua maduka, Salha Hatibu anawasha kompyuta ya ofisi yake ya uchapaji pale Levolosi, anavuta mtandio karibu na uso na kusoma kwa sauti. Mteja hakuna. Anasoma wasifu wa marehemu, neno kwa neno.

"Mjane wake ni Naisiae," anatamka, kisha anarudia.

Kwa miaka mingi Salha alikuwa mpiga chapa wa taipureta. Mwaka jana, 1998, wateja wakaanza kumkimbia: wanataka kazi ya kompyuta, yenye maandishi ya kupendeza. Akauza taipureta zake zote mbili, akaongezea zamu yake ya upatu, akanunua kompyuta ya mtumba.

"Weee, nilijiona nimefika!" anasema, na hapo hapo kicheko kinamkauka.

Kwenye taipureta kila kazi ilianza na karatasi nyeupe. Kompyuta ikamzoesha uvivu: anafungua wasifu wa marehemu mwingine, anabadilisha majina, anachapa.

Ndivyo Salha alivyofanya siku Yoeli wa kijiji cha Olmotonyi alipoleta habari za marehemu baba yake, mzee Lesikar. Akabadilisha jina, kijiji, watoto. Mstari mmoja ukamponyoka.

Makaburini, mzee wa kanisa akausoma wasifu mbele ya umati: "Ameacha mjane, Magdalena."

Magdalena ni mjane wa marehemu mwingine kabisa, mkazi wa Kwa Mrombo, yule wa wasifu wa awali. Nani angejua? Minong'ono ikazagaa: kumbe mzee alikuwa na nyumba ndogo! Naisiae, mkewe wa ndoa, akaondoka bila kumtupia mumewe udongo.

Wiki moja baadaye Yoeli alikuja ofisini kumweleza. Salha alitamani ardhi immeze. Akafunga ofisi, akapanda naye Olmotonyi.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Unaniomba mimi hapa jikoni," Naisiae akamjibu. "Na wale waliosikia je? Nikienda kuteka maji wananiuliza, mke mwenzio hajambo?"

Sharti lake ni moja. Jumapili hii, baada ya ibada, Salha asimame mwenyewe asome wasifu sahihi. Yeye, Mwislamu asiyewahi kukanyaga kanisani.

"Watu wananiambia, sema mashine imekosea," anasema, macho chini. "Mashine inamjua Magdalena? Aliyemwandika ni mimi. Mama wa watu ameshindwa kumzika mumewe kwa uvivu wangu."

Anaugeukia tena wasifu.

"Nitalitaja jina lake hadi walio nje wasikie. Baada ya hapo, wakitaka kunizomea, wanizomee."