Jumapili Sita za Mbuzi

Kutoka Uvira hadi Lweba tulitembea siku tano tukikimbia vita, tukifuata ufuko wa ziwa. Nilikuwa na miaka tisa. Shangazi yangu, Mama Riziki, alibeba sufuria kichwani na kumvuta mbuzi jike kwa kamba. Lweba ilinuka ndakala, dagaa wa ziwani, zilizoozea kwenye vichanja, maana wenyewe walikuwa wamekimbia. Tukawafuata milimani, kaya kama kumi, tukapika bila moshi na kusali Jumapili kwa kunong'ona.

Jumapili moja mbuzi alilia kutwa, akitikisa mkia, majani hataki. Baba Wilondja, mkubwa wetu pale, alisema kilio hicho kingetuletea basoda, yaani wanajeshi, heri achinjwe. Mwenye njaa hana miiko; wengi waliafiki upesi. Shangazi alieleza kwamba mbuzi hakuwa mgonjwa. Joto lilikuwa limempanda. Lingeisha kesho, lingerudi Jumapili ya tatu, na akishika mimba angenyamaza.

"Na dume utapata wapi?" akauliza Baba Wilondja. "Badume yote iko mu tumbo ya basoda."

"Unipe Jumapili sita, papa. Akilia tena ile ya sita, kisu ni yako."

Jumapili ya tatu, alfajiri, tulimvusha kijito hadi kwa mzee mfugaji wa milima ya juu, aliyejificha huko na ng'ombe wachache na beberu mmoja. Watu wake na wetu walikuwa hawasalimiani tangu vita vianze. Mzee alimtazama mbuzi mkia, akamfungulia beberu, wala hakutuuliza majina.

Jumapili ya sita Baba Wilondja aliketi karibu na mbuzi tangu asubuhi, kisu pajani. Tulisali huku tukisikiliza. Mbuzi alikula, akacheua, hadi jua likazama. Baba Wilondja akaenda na kisu chake kumenya mihogo.

Miezi minne baadaye, mtumbwi wa injini ulipakia watu ufukoni Swima kuvuka ziwa. Mwenye mtumbwi alikataa mifugo. Shangazi akanikabidhi kwa jirani.

"Enda, mwanangu. Huyu mbuzi iko karibu kuzaa."

Sikurudi tena, wala sikupata habari zao. Siku hizi nimeona mashamba ambako daktari huchoma mbuzi ishirini sindano za homoni, wote wakapandwa na joto siku moja. Ni kazi safi. Nami nimehama miji saba, kila mara kwa sababu ndogo. Sijawahi kubaki mahali kwa sababu kubwa kama mbuzi yule.