Ahadi Iliyorukwa na Video

Siku ya mahari yangu, msemaji wa upande wa mume alikuwa baba yake mdogo. Kwetu Uvira, msemaji akisimama mbele ya familia mbili, neno lake ni la ukoo mzima. Shangazi yangu alimwuliza kama wataniacha niendelee na studio yangu ya video pale Kavimvira. Akajibu kwamba wataniacha. Vigelegele vikapigwa, soda zikagawiwa.

Mwaka haukuisha, baba mdogo huyo akaitisha kikao kuniambia nifunge studio, mke akae nyumbani.

"Minye sikusemaka ile maneno," alisema.

Nilifungua video ya siku ile kwenye kompyuta. Nikagusa pale aliposimama. Picha ikaganda, kisha ikarukia soda. Nikarudisha nyuma, ikaangukia kwenye maombi ya kufungua sherehe. Nikasema basi tuiache icheze yenyewe kuanzia maombi. Akainuka, eti hana muda.

"Weye unatengenezaka video za watu, na yako inakushinda?"

Walicheka. Nilikasirika, tena si kidogo.

Shida niliijua. Ili sherehe ya siku nzima iingie kwenye simu za watu, sisi wa kazi hii tunaibana. Video iliyobanwa haihifadhi kila picha nzima. Inaweka picha nzima mojamoja, na katikati inaandika mabadiliko tu: mkono umeinuka, mdomo umefunguka. Ukiruka, mashine inakupeleka kwenye picha nzima iliyo karibu. Kwenye video yangu zilikuwa chache mno, na ahadi yangu ilikaa katikati ya mbili.

Mume wangu alinishauri nikate kile kipande tu. Nilikataa. Kipande kingeitwa cha kutengenezwa. Nilitaka siku nzima, waguse popote wapendapo.

Nikaibana upya yote, nikiagiza mashine iweke picha nzima kila sekunde. Umeme ukakatika, nikaanza tena. Faili likanenepa, likakataa kuingia kwenye simu. Na likatae!

Jumapili, baada ya ibada, nilimpelekea kompyuta mbele ya familia zote mbili.

"Baba mudogo, shika weye mwenyewe. Gusa fasi unataka."

Aligusa mwanzo, maombi yakaja. Akagusa mwisho, soda zikaja. Akagusa katikati, akajiona amesimama, mkono kifuani: "Kazi yake ataendelea nayo. Siye hatuzuie muntu."

Alinyoosha kidole kuzima. Nikauvuta mshale nyuma kidogo, akasema tena maneno yaleyale. Nikarudisha tena. Sikuona haya hata kidogo, na shangazi yangu alicheka waziwazi.

"Basi, inatosha," alisema hatimaye, akijiweka sawa kitini. "Nakuruhusu ufungue hiyo studio."

"Minye sikuifungaka," nilimjibu.