Nilimwahidi mama mkwe chembe za nano za kukinga mifupa, akagoma kwenda kupigwa mionzi

Habari za humu wakuu. Nawaletea jambo langu lilivyo, bila chumvi. Mkicheka chekeni tu, mke wangu alishaanza.

Mimi ni mwalimu wa kemia, nilipangiwa Hanang nikaoa hukuhuku, Getanuwas. Mama mkwe ni mfugaji. Alikutwa na saratani, daktari akapanga mionzi eneo la nyonga. Akaogopa, maana alisikia mionzi inaharibu mifupa.

Hapo kiherehere kikanipanda.

Nilikuwa nimesoma online kuhusu chembe za nano, ndogo kuliko vumbi, zinazoweza kukinga seli za mifupa dhidi ya mionzi. Nikamweleza mbele ya ukoo mzima kwamba atapewa kabla ya mionzi, mkono mmoja mfukoni kama profesa. Mashemeji wakatikisa vichwa. Nilijisikia raha, acha tu.

Sikusema kwamba hayo bado ni ya maabara. Seli kwenye visahani, siyo binadamu.

Siku ya safari ikafika. Namkuta mama jikoni, anakoroga uji.

"Shikamoo mama. Gari linasubiri."

"Marahaba. Zile chembe zimefika?"

"Bado, mama."

"Basi tunazisubiri. Ng'ombe anachanjwa kabla ya ugonjwa, siyo baada. Si wewe ndiye mwalimu?"

Mfugaji utamwambia nini kuhusu chanjo? Mke wangu akanitazama jicho ambalo silielezi hapa. Na saratani haimsubiri mtu. Niliogopa kweli wakuu, nikaona namuua mama wa watu kwa kupenda sifa.

Nikakaa kwenye kigoda.

"Mama, hizo chembe hospitali hazipo. Bado zinajaribiwa. Nilitaka tu nionekane najua."

Shemeji mmoja akacheka puani. Mama akaepua sufuria.

"Ningekuwa mama aliyekuzaa, ungenipeleka bila hizo chembe?"

"Leo hii, mama."

"Sasa mbona umekaa?"

Mionzi alimaliza. Ile hofu ya mifupa alimwambia daktari mwenyewe, akaeleweshwa vizuri, na anafuatiliwa. Nyonga inamsumbua, anatembea na fimbo, lakini yupo na mbuzi wake anawafokea kila asubuhi.

Nilichojifunza: habari isome mpaka mwisho kabla hujamtibu nayo mtu. Hofu ya mgonjwa ipelekwe kwa daktari, siyo kwa mkwe mwenye bando.

Wenye wazazi waliopitia mionzi, maumivu ya nyonga madaktari waliwasaidiaje? Mama yuko hapa pembeni anasubiri comments zenu. Ameshasema atasomewa na binti yake, siyo mimi.