Mfua mashuka na kipa wake

Jua halijachomoza, lakini chumba cha kufulia cha hospitali kimeshapata joto la adhuhuri. Mvuke umetanda darini na kudondoka tena kama mvua ndogo. Mwanamke mwenye glavu ndefu za mpira ameinamia beseni la saruji, anachambua mashuka ya wodi ya upasuaji moja baada ya jingine. Anakunjua, anapapasa, anakagua pembe. Humo hujificha sindano na nyembe. Mara moja alikuta jino.

"Damu haitaki maji ya moto," anasema bila kuinua uso. "Ukiitia moto inashika, haitoki mpaka shuka lichanike. Unaianza na maji baridi. Unaibembeleza."

Wenzake wanamwita Mama Nyuki. Kwa miaka mingi, kila siku ya mechi, alivaa jezi ya njano na nyeusi ya Nyuki, timu ya mji wao, chini ya sare ya kazi. Mkuu wa kitengo alimkataza mpaka akachoka, akawa anaomba tu asifungue vifungo vya sare mbele ya madaktari.

Jina limebaki. Jezi haivai tena.

Mapenzi hayo alirithishwa na baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma aliyejaliwa mabinti watupu. Mzee huyo hakusubiri mtoto wa kiume. Alimbeba huyu wa mwisho mabegani, akapanda naye jukwaa la upande wa jua, ambako kiingilio kilikuwa nafuu na ngozi ndiyo iliyolipa tofauti.

"Mama alikuwa analalamika: mtoto wa kike anatafuta nini uwanjani? Baba anamjibu, anatafuta goli, kama wenzake."

Watoto wengine walipenda wafungaji. Yeye macho yake yalibaki kwa mtu mmoja aliyesimama peke yake chini ya mwamba wa goli: mrefu, mkimya, mwenye viganja kama sepetu. Mji mzima ulimwita Komeo, maana siku aliyoamua kufunga mlango, umefungwa. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilivunjika ujanani kikaungana vibaya, kikawa kinatazama nje kama kinamwonyesha mtu njia. Watoto wa mtaani walikuwa wakikunja vyao vifanane na chake.

"Mfungaji anasubiri aletewe," anasema Mama Nyuki. "Kipa anabeba makosa ya watu kumi, halafu lake moja ndilo linalokumbukwa. Nilikuwa mdogo lakini hilo nililiona. Nikasema huyu ndiye wangu."

Anaikumbuka fainali dhidi ya timu ya ng'ambo ya mto kama wengine wanavyokumbuka harusi zao. Mpira ulipigwa juu, Komeo akaruka, goti la mshambuliaji likampata kwenye kipaji cha uso. Alianguka kama gunia. Daktari wa timu hakuwepo. Alikuja mzee wa ndoo, akammwagia maji. Kocha akampiga vibao vya mashavu mpaka akafumbua macho. Akasimama. Akageukia nyavu badala ya uwanja, na beki wake akamshika mabega akamzungusha.

Dakika chache baadaye refa akatoa penalti. Komeo alinyoosha mkono kwanza akaushika mwamba, ajue goli liko wapi. Kisha akaruka, na mpira ule akaudaka.

"Uwanja ulipasuka kwa kelele. Watu wanalia, baba yangu analia. Tukatunga na wimbo, kwamba Komeo hata usingizini anadaka. Tulikuwa tunaimba ugonjwa, ndugu yangu. Mtu ameumia kichwa mbele yetu, sisi tunapiga makofi."

Anaweka shuka kwenye toroli, anavuta jingine.

Ilikuwa kazini humuhumu alipokutana naye tena, miaka miwili iliyopita. Alikwenda wodi ya wanaume kukusanya mashuka machafu. Kwenye kitanda cha pembeni, karibu na dirisha, kulikuwa na mzee aliyekonda, mguu umefungwa plasta, ndevu hazijanyolewa. Mikono yake yote miwili ilikuwa imefungwa kwenye vyuma vya kitanda kwa vitambaa. Kila alipofunguliwa aling'oa mpira wa dripu, kwa hiyo wauguzi hawakuwa na namna.

Mama Nyuki angepita. Anaona wagonjwa kila siku. Lakini alipoinama kuvuta shuka, alikiona kidole kidogo kinachotazama nje.

"Nilikaa chini. Pale pale sakafuni, na mashuka yangu. Muuguzi ananiuliza, mama, umepatwa na nini? Nikamwambia, mmemfunga Komeo mikono. Akaniuliza, Komeo ndiye nani?"

Muuguzi huyo alikuwa hajazaliwa siku ya fainali ile. Hakuwa na kosa.

Alimkuta dada mtu kwenye benchi la korido, mshona nguo aliyekwisha kuzeeka naye. Dada Mkubwa, kama anavyoitwa na wote, alimweleza yaliyotokea. Kaka yake alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu zamani, kidogo kidogo: jina la jirani, njia ya dukani, halafu jina la mke, ambaye alivumilia mpaka akarudi kwao. Madaktari walisema ubongo unachakaa kabla ya wakati, na kwamba mapigo ya kichwa ya miaka mingi hayakosi kuwa na mkono ndani yake. Siku ya ajali alitoka nyumbani akijua anakwenda mazoezini. Uwanja wa mazoezi umeshakuwa soko. Aliingia barabarani bila kutazama, pikipiki ikamvunja mguu.

"Wanakuja kumwona wa timu?" Mama Nyuki alimuuliza.

"Timu gani, mdogo wangu?" Dada Mkubwa alijibu. "Hata mimi ananiita mama."

Tangu siku hiyo, kila alipomaliza zamu, Mama Nyuki alipanda wodini. Alimkata kucha, alimnyoa, alimlisha uji kwa kijiko. Komeo alikubali kulishwa na yeye kuliko wauguzi; hakuna ajuaye kwa nini, na yeye hataki kujidanganya kwamba alimtambua. "Angenitambuaje? Mimi nilimjua yeye. Yeye hakuwahi kunijua mimi. Ndivyo ushabiki ulivyo."

Nyumbani, mumewe, fundi rangi na shabiki wa kufa wa timu ya ng'ambo ya mto, alianza kuonyesha hasira. Walishaishi miaka yote nyumba moja timu mbili, wakinuniana Jumapili na kupatana Jumatatu. Hili lilikuwa jingine.

"Aliniuliza, umeolewa na mimi au na kipa? Nikamwambia, nimeolewa na wewe, lakini wewe hujawahi kudaka kitu." Anacheka, mara ya kwanza asubuhi hii. Kisha anasema kwamba usiku ule mumewe hakucheka, na alikuwa na haki.

Komeo aliporuhusiwa kurudi kwa dada yake, Mama Nyuki alikwenda ofisi za klabu. Alivaa jezi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya picha ya kikosi cha fainali, Komeo akiwa katikati ameshika kombe, mpaka katibu akamwita ndani.

"Tunawaheshimu sana wakongwe wetu, mama," katibu alimwambia. "Lakini wako wengi. Tukianza na mmoja, kesho watapanga foleni hapa mlangoni."

"Basi wapangeni foleni," alimjibu. "Foleni si aibu. Aibu ni kwamba hamjui hata wako wapi."

Hakutukanwa, wala hakufukuzwa. Wiki kadhaa baadaye simu ilipigwa: klabu imeamua kumwenzi Komeo kabla ya mechi ya watani. Ataingizwa uwanjani, mashabiki wamsalimie, apewe zawadi. Dada Mkubwa alisita. Mama Nyuki ndiye aliyemshawishi.

"Nilisema, labda akiziona nyasi. Labda akizisikia zile kelele, kitu kitaamka. Nilitaka mji umkumbuke. Nadhani nilitaka na yeye anikumbuke."

Anavua glavu, anajifuta jasho kwa mkono wa sare. Sehemu inayofuata anaisimulia polepole.

Walimvika jezi mpya iliyompwaya. Vijana wawili wa klabu walimshika mikono wakamwongoza hadi katikati ya uwanja. Mtangazaji akasoma jina, akakosea, akamtaja kipa aliyemfuata. Hata hivyo watu walisimama. Ngoma zikapigwa, mavuvuzela yakalia, jukwaa lote likanguruma kwa pamoja.

Komeo alitazama juu. Akaachia mikono ya wale vijana, akafunika kichwa kwa mikono yake miwili, akajitupa chini. Alijikunja kwenye nyasi, magoti kifuani, namna kipa anavyojikunja anapoogopa kukanyagwa. Suruali ikalowa.

"Kalewa huyo!" mtu alipiga kelele jukwaani. Watu wakacheka. Wengine wakainua simu zao wapige picha.

Mama Nyuki hakumbuki alivyovuka uzio. Anakumbuka mlinzi alimkamata bega, na kwamba alimng'ata. Alipofika katikati alivua sweta, akamfunika Komeo kiunoni, akapiga magoti akaweka mdomo karibu na sikio lake. Mzee alikuwa anatetemeka, macho ameyafumba.

"Mpira uko wapi?" Komeo alimuuliza.

"Umetoka nje."

"Wamefunga?"

"Hawajafunga, kaka. Refa amemaliza. Simama twende."

Akasimama. Walitoka wakiwa wameshikana mikono, huku nyuma yao wachezaji wakiingia uwanjani, maana muda ulikuwa umeshaliwa na televisheni inasubiri. Zawadi ilikuwa mpira wenye sahihi za kikosi. Kijana wa klabu aliwakimbilia nao hadi getini, akampa Dada Mkubwa, akasema pole, mama. Huyo peke yake ndiye aliyesema pole.

Jioni ile Nyuki walishinda mabao matatu. Ulikuwa ushindi wao mkubwa zaidi kwa miaka mingi dhidi ya timu ya ng'ambo ya mto. Mtaani watu waliimba mpaka wakakosa sauti. Mama Nyuki alikuwa jikoni anafua ile suruali, kwa maji baridi.

Mumewe aliingia, akamkuta. Alikuwa ameitazama mechi kwa jirani, na yote ameyaona.

"Alinisogelea," anasimulia. "Akachukua ile suruali mkononi mwangu akaikamua, akaenda kuianika. Mwanaume ambaye sijawahi kumwona anaanika hata leso."

Je, ameihama timu? Swali hilo linamkera. Anasema kuhama timu ni maneno ya watu waliochagua timu. Yeye alibebwa akapandishwa. Bado anasikiliza mechi redioni, sauti chini. Nyuki wakifunga, moyo wake unaruka wenyewe, hauombi ruhusa. Lakini kipa yeyote akigongwa akalala chini, awe wa kwao au wa wapinzani, anazima redio.

"Zamani nilikuwa namwombea ainuke acheze. Sasa namwombea abaki chini watu waje wamtazame."

Sasa kuna jambo jingine. Dada Mkubwa, ambaye amemlea kaka yake peke yake miaka yote hiyo, ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Ameacha kushona, maana uzi haingizi tena kwenye sindano. Mara mbili amepangiwa upasuaji, mara mbili hakutokea, kwa sababu hakuna wa kubaki na Komeo. Mwezi uliopita alimpa kaka yake dawa ya kupaka akidhani ni ya kunywa. Aliitema yote, bahati nzuri.

Mama Nyuki ameomba likizo yake ya mwaka yote kwa mkupuo. Mkuu wa kitengo alimuuliza anakwenda wapi. Akamwambia haendi popote, anapokea mgeni.

Chumba cha watoto, ambao wameshaoa na kuhama, kimepakwa rangi upya. Mumewe alikataa katakata rangi ya njano, wakagombana, wakakubaliana nyeupe. Ndiye pia aliyepachika kitasa kipya juu kabisa ya mlango wa nje, mahali ambapo mzee hatakifikiria, ili asitoke tena kwenda mazoezini.

Dada Mkubwa ameridhia, kwa shingo upande. Alimwambia anaogopa. "Nikiona vizuri, mdogo wangu, nitamwona na yeye alivyo sasa. Sasa hivi namwona ukungu, na ukungu una huruma."

"Nilimwambia aende hivyo hivyo," anasema Mama Nyuki. "Daktari hajasema kwamba Komeo atapona. Hakuna kupona hapo, kuna kupungua tu. Lakini dada yake lazima aone anapokanyaga."

Anajua pia kwamba wiki chache hizo zitakwisha, naye atarudi kwenye mabeseni, na Komeo atarudi kwa dada yake akiwa amepungua zaidi. Hilo halimzuii. Anasema mipango yake ni midogo: kumwosha, kumlisha, kutembea naye asubuhi kabla jua halijawa kali, kwenye njia isiyo na pikipiki.

Na akiamka akauliza mechi ni lini?

"Nitamwambia wiki ijayo."

Akiuliza tena kesho yake?

"Wiki ijayo," anasema, na kuvaa glavu. "Mradi alale."